Wivu wa Siku ya Tano

Mvua ya Kakamega haipigi hodi. Saa nane mchana jua linakuchoma utosi, saa nane na nusu soko zima linakimbia, wauza nyanya wanavuta maturubai, na wenye viatu vizuri wanavivua na kuvibeba mkononi. Ndivyo Shikanga, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka karakana za jua kali nyuma ya soko, alivyojikuta amejibanza chini ya paa la kibanda kimoja cha buluu, sigara mdomoni na kiberiti kimelowa chapachapa. Alikwaruza njiti ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hapo unawasha sigara ama unaosha kiberiti?" sauti ikauliza dirishani.

Aligeuka. Katikati ya mikate, sabuni na majani chai alisimama msichana wa blauzi ya njano na kitambaa cha kijani kichwani, mashavu yamejaa, jicho limejaa kejeli. Bila kuombwa, akatoa mkono nje ya wavu, akawasha njiti yake mwenyewe na kuikinga upepo kwa kiganja. Shikanga akainama. Kilichomwingia kifuani siku hiyo, mimi sidhani kama kilikuwa moshi peke yake.

"Asante. Unaitwa nani?"

"Kwani sigara haiwaki bila jina?"

"Hii imewaka. Ni mimi bado."

Msichana akacheka hadi akashika wavu. "Rosebella. Sasa toka hapo, unazibia wateja."

Hakutoka. Kesho yake alirudi, na kesho kutwa. Asubuhi alinunua sigara mbili, jioni mbili, na kati ya hizo akakumbuka ghafla kwamba hana chumvi. Wateja wengine waliwashia kiberiti kilichoning'inizwa dirishani kwa uzi. Shikanga peke yake aliwashiwa kwa mkono. Watu wa soko wana macho, na haikupita miezi minne kabla Rosebella hajaanza kuitwa Bibi ya Fundi.

Jumapili moja, wakiwa wameketi bustanini baada ya kanisa, yeye na gauni lake la vitenge, Shikanga na shati jeupe lenye mikunjo ya pasi, Rosebella alisema, "Mama anataka ufike nyumbani. Si Jumamosi hii, ile nyingine. Huko kwetu Musanda."

Shikanga alitabasamu hadi masikioni. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na hakuwahi kutamani mwanamke kwa nia ya kumweka nyumbani hadi alipompata huyu.

"Lakini kuna kitu," Rosebella aliendelea. "Baba alikufa na kifua. Alikohoa mwaka mzima, na karai nilishika mimi. Mama akisikia harufu ya sigara kwa mwanamume, hata maji hampi."

"Na wewe unaziuza?"

"Nauza nile. Lakini siolewi na kikohozi, Shikanga. Atakuuliza, na mimi siwezi kumdanganya mama."

"Nitaacha, mpenzi. Kesho."

Alisema kirahisi, kama mtu anayeahidi soda.

Siku ya kwanza alikuwa shujaa, akawatangazia mafundi wote. Siku ya pili kichwa kilimgonga kutwa. Mikono haikujua pa kukaa, akaishia kupekua mifuko ya ovaroli akitafuta kitu alichojua hakimo. Siku ya tatu mteja alileta lango lenye bawaba iliyovunjika, na Shikanga akamwuliza kama kwao milango hufunguliwa kwa mateke. Mteja akabeba lango lake, akaenda. Alitafuna karanga, akatafuna miwa hadi midomo ikachanika, akanywa maji mpaka tumbo likalia kama mtungi.

"Bwana," Wanyama, mwenzake wa karakana, alimwambia, "heri wewe uvute, na sisi tupate kuishi."

Tena kulikuwa na balaa ambalo hakulifikiria. Hakuweza kwenda kwa Rosebella. Dirisha lile lilinuka tumbaku, na kila aliyesimama pale alikuwa akipuliza moshi. Basi wakabaki na simu.

"Siku hizi hukujangi kabisa," Rosebella alilalamika.

"Nikikuja hapo nitavuta, baby. Najijua."

"Haya, niangalie kutoka mbali basi. Ama macho pia inavuta?"

Laiti asingemtania hivyo, maana Shikanga alimtii. Ukisimama kwenye lango la karakana, kibanda cha buluu kinaonekana chote. Na mtu anayesimama mbele ya dirisha haoni wanachoona walio ng'ambo. Kwa mara ya kwanza Shikanga aliona jinsi wanaume wanavyoegemea pale, mmoja anaondoka, mwingine anafika, na jinsi Rosebella anavyowachekea wote. Kile kicheko cha kushika wavu, alichodhani ni chake, kiligawiwa hadi kwa mzee wa mkokoteni. Moyo ulimwaka.

Aliyemchoma zaidi aliitwa Tyson. Huyu aliletea vibanda bidhaa za jumla kwa gari dogo jeupe. Raba zake nyeupe hazikujua tope la Kakamega, na manukato yake yalifika kabla yake. Siku ya nne alisimama dirishani nusu saa nzima, akivuta taratibu kama mtu asiye na shida duniani. Shikanga alimtazama, mate yakimjaa. Alimwonea wivu kwa sababu ya Rosebella, akamwonea wivu kwa sababu ya sigara, na mnieleze ninyi ni upi uliotangulia, maana yeye mwenyewe hakujua.

Siku ya tano, Ijumaa, Tyson hakusimama dirishani. Alizunguka ubavuni, akaingia ndani ya kibanda. Mlango ukafungwa.

Shikanga akapiga simu.

"Niko bize kidogo, mpenzi," Rosebella alinong'ona. "Nitakupigia."

Akakata. Shikanga akatupa kipande cha muwa, akavuka barabara akiwa na miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, na Wanyama nyuma yake akiita, "Fundi! Fundi, rudi!" Alipiga mlango wa bati kwa ngumi hadi mikate ikaruka.

"Toka! Toka nikuone!"

Mlango ukafunguliwa. Tyson alikuwa amechuchumaa sakafuni, Rosebella amesimama juu yake na daftari mkononi.

"Shikanga, kuna watu," Rosebella alisema polepole.

"Wajue! Mimi nakufa huko na karanga, na wewe hapa unafungiwa mlango na kijana wa marashi!"

"Boss, tulia," Tyson alisema. "Mimi niko kazi."

"Kazi gani hiyo ya kufunga mlango mchana?"

"Umemaliza?" Rosebella aliuliza.

Angenyamaza hapo, ningemtetea. Lakini mtu wa siku ya tano ulimi wake hauna breki. "Sijamaliza! Mimi nilidhani nimepata mke, kumbe wewe ni wa kila mwenye pesa ya sigara!"

Soko likageuka. Rosebella hakulia wala hakupaza sauti. Alimtazama kama mtu anayesoma barua asiyoiamini.

"Enda, Shikanga."

Akaenda, na alikwenda moja kwa moja hadi kibanda cha mwanamke aitwaye Navalayo, upande wa pili wa barabara, akanunua sigara moja na kuiwashia kiberiti cha uzi. Pumzi ya kwanza ilikuwa tamu. Ya pili ilikuwa chungu. Kabla ya ya tatu, alimwona Tyson akitoka kwa Rosebella na katoni mikononi. Akaipakia garini, akarudi kuchukua nyingine. Zote zilikuwa za sigara. Rosebella mwenyewe alikuwa akibandua kibao cha sigara dirishani, na kile kiberiti cha uzi akakikata kwa kisu cha mkate.

Gari jeupe likapita, likasimama, kioo kikashuka.

"Fundi," Tyson alisema, "huyo dada amenibembeleza wiki nzima nirudishe hii mzigo. Anasema ako na mtu wake anaacha, na hawezi kufika dirishani. Leo ndio mdosi wangu amekubali, tukafunga mlango tuhesabu bila kusumbuliwa." Akatazama kilichokuwa kati ya vidole vya Shikanga. "Sasa huyo mtu mwenyewe si ndiye wewe?"

Shikanga akaiachia sigara ikaanguka. Alikanyaga kile kipande chini, akakikanyaga tena, na aibu ikabaki pale pale.

Jioni hiyo alipiga simu mara sita bila kupokelewa. Jumamosi asubuhi alienda mwenyewe, akasimama mbele ya lile dirisha ambalo sasa lilinuka sabuni na mkate tu.

"Hakuna sigara hapa," Rosebella alisema bila kuinua macho.

"Sikukuja kununua. Nimekuja kusema nilikosa. Yale maneno ya jana, Rosebella, hata mbwa haambiwi. Wivu ulinipanda, na nilikuwa nimejaa hamu ya sigara mpaka nikashindwa kujua nani adui. Nisamehe, mama."

Rosebella alipanga mikate iliyokuwa imepangwa tayari.

"Na kuna lingine," Shikanga akasema. Alijua angeweza kulimeza na huenda hakuna ambaye angelileta. "Jana nilivuta. Moja."

Mikono ya Rosebella ikasimama. "Uliinunua kwa nani?"

"Nini?"

"Nimeuliza, uliinunua kwa nani?"

"Kwa... kwa Navalayo."

"Navalayo!" Sasa sauti ilipanda, na soko likageuka kwa mara ya pili ndani ya siku mbili. "Mimi natoa mzigo wangu wote kwa sababu yako, na wewe unaenda kwa Navalayo, na vile huyo mwanamke hukutazamanga! Alikuwashia?"

"Nilijiwashia! Haki ya Mungu, hata sikumwangalia usoni."

"Ungemwangalia ungeona!"

Walitazamana kupitia wavu, msichana amefura, fundi amenywea, hadi mdomo wa Rosebella ukaanza kukunjuka upande mmoja kwa kicheko. Akaugeuza uso haraka, lakini Shikanga alikuwa ameshaona.

"Kwa hivyo mimi tu ndiye mwenye wivu?" alinong'ona.

"Nyamaza. Bado nimekasirika." Akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa. "Leo unaanza upya, siku ya kwanza. Na Jumamosi ijayo mama akikuuliza, mimi sifungui mdomo. Utajibu mwenyewe."

Jumamosi hiyo Musanda walifika saa tano, Shikanga katika suti ya kijivu, Wanyama ubavuni kama msemaji wake. Walipokelewa na Maximilla, dada ya marehemu baba, ambaye Rosebella humwita senje. Mama mwenyewe hakuonekana. Kimila, mkwe na mama mkwe hawakai uso kwa uso, kwa hiyo alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, na kilichojulisha yupo ni vikombe vilivyogongana. Hamu ya sigara ilichagua saa hiyo hiyo kumshika Shikanga.

"Senje," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "muulize kama anavutanga."

Wanyama alimkanyaga mguu, maana yake sema hapana. Rosebella, aliyeketi karibu na pazia, aliinamisha uso. Shikanga aliona harusi yake yote imekaa juu ya neno moja.

"Nimevuta miaka kumi na moja, mama," alisema. "Niliacha siku tano, kisha nikavuta moja kwa wivu na ujinga. Leo ni siku ya nane. Na hata hapa nilipokaa, naitamani."

Wanyama alifumba macho. Senje Maximilla akatazama pazia, na vikombe vikaacha kugongana.

"Baba yake Rosebella alikaa hivyo hivyo mbele ya baba yangu," sauti ikasema hatimaye. "Akaulizwa swali hilo hilo. Akasema tangu azaliwe hajaigusa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na nilifurahi sana."

Kikombe kimoja kikawekwa chini.

"Leo sijafurahi hata kidogo, senje. Lakini huyu nimemwamini. Muulize wazee wake wanakuja lini."