Mji Uliotolewa Mchana

Shangazi yangu Eufrazia hakuwa mtu wa kushindwa. Chuoni aliwabana wanaume kwenye midahalo mpaka wakatafuta maji ya kunywa, na fumbo la gazeti, lile la visanduku, alilimaliza kabla chai haijapoa. Mwaka ule wa sabini na nne, watu wa mlimani walipokwisha kuteremshwa kwa nguvu kwenye kijiji kipya upande wa Mlali, alikuja likizo kwa bibi yake, Anastasia, akamkuta mzee wa watu amejikunyata kwenye kibanda cha nyasi. Akakichukia kijiji kile.

Adhuhuri moja akapanda na binamu yake Felista kuvuna maharage yaliyoachwa kwenye mahame ya kijiji chao cha zamani. Njiani akajigamba.

"Dokezo la fumbo lina vipande viwili, Feli. Jibu likikaa kwenye kimoja tu, si jibu. Hapo ndipo wengi wananaswa."

"Haya, msomi. Na maharage atayavuna nani, dokezo?"

Ukungu ukashuka. Nyumba zilikuwa zimeezuliwa, zimebaki kuta. Ndani ya mojawapo, sauti ikaita taratibu:

"Kitendawili!"

Felista akamshika mkono. "Usijibu," akanong'ona. "Mchana hakitegwi. Anayetega mchana si mwenzetu."

"Watoto tu hao." Eufrazia akapaza sauti: "Tega!"

"Wote wamehama, mimi nimebaki. Nyumba yangu haina mlango."

"Yai!" akajibu papo hapo, kama ajibuvyo kila mtoto.



Ndipo akashtuka. Yai limekaa kwenye mlango. Kwenye kuhama halikai.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Usitoe," Felista alisema, akimvuta waondoke.

Mchezo ndivyo ulivyo: ukishindwa unatoa mji, mtegaji anautembelea kwa maneno, kisha anakupa jibu. Watu hutoa Morogoro, hutoa Dar es Salaam. Eufrazia, kwa uchungu wake, akatoa mahali alipopachukia kuliko pote.

"Nakupa hicho kijiji chao kipya. Kichukue chote!"

"Nimekwenda," ikasema sauti. Sasa ilikuwa karibu. "Nimekula. Nimekunywa. Wote wamekubali kuja. Jibu ni maiti."

Ndani ya kuta hamkuwa na mtu.

"Bibi!" Eufrazia alipiga kelele. "Feli, Bibi yuko kule!"

Walishuka mbio. Milango wazi. Sufuria zinatokota. Hakuna mtu. Hakuna hata kuku. Kitandani kwa Bibi, godoro lilikuwa bado limebonyea.

Viongozi walikuja kusema wametoroka Ujamaa. Kijiji kizima? Na wazee, na vichanga, na ugali uko motoni? Wakafunga kesi hivyo hivyo, na mpaka leo hakuna aliyeona haya.

Lakini kabla hawajafika, Eufrazia alikwisha kuzifuata nyayo za wanakijiji. Zilipanda mlima. Zikapita mahame. Zikaishia makaburini.

Udongo haukuguswa. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake, ndefu. Ila kando ya kila kaburi palikuwa na katambuga, jozi kwa jozi, zimevuliwa na kupangwa vizuri, kama nje ya nyumba yenye wageni.

Akaziona za Bibi. Akaingiza mkono.

Zilikuwa bado na joto la miguu.