Mluzi wa Njia ya Kigongo

Kila Jumamosi, jua lilipoanza kugusa mawe ya Igogo, Winnie alikuwa ameshafuta vioo vya gari na kupanga viroba vitupu juu ya keria la paani. Kisha aliketi kiti cha mbele akimsubiri mama yake. Safari ilikuwa ileile, kwenda mwaloni Kigongo, boti za wavuvi zinakoshusha samaki, kununua dagaa na kurudi kuwauza Mabatini. Gari lenyewe lilikuwa shangingi la zamani lililopauka rangi, na mtaa mzima ulilisema. "Mama Winnie, gari lako linakunywa kuliko mlevi," majirani walimtania, naye Mama Winnie alicheka kidogo tu.

Hakuweza kucheka sana kwa sababu ilikuwa kweli. Enzi za marehemu Nathaniel, baba yake Winnie, gari lilikwenda Kigongo na kurudi, na mafuta yakabaki. Siku hizi faida yote ya dagaa iliishia kituo cha mafuta. Mjomba Machibya, kaka yake mama, alikuwa ameshapata mtu wa kulinunua, na mtu huyo angekuja Jumatatu. Gari likiondoka, mama angerudi kubeba viroba kichwani na kugombea nafasi kwenye malori ya watu, na mgongo wake haukuwa tena wa kazi hiyo.

Ndani ya gari, sehemu ya nyuma, hamkuwa na nafasi hata ya kiroba kimoja. Baba alikuwa fundi wa mashine za boti, na vyuma vyake vilijaa mle ndani, vichwa vya injini, minyororo, nanga na sanduku zito la spana. Walipoanua matanga, nguo zake ziligawiwa kwa ndugu, lakini vyuma vya garini havikuguswa na mtu. Sababu ilikuwa mluzi.

Baba alikuwa na kawaida ya kupiga mluzi akikaribia nyumbani, mluzi mwembamba wa kuvuta. Muda mfupi baada ya kumzika, walipopita Buhongwa na gari kushika kasi, mluzi kama ule ulisikika juu ya vichwa vyao. Mama alibadilika uso. Tangu siku hiyo aliamini kwamba marehemu yumo garini, analinda vyuma vyake. Kila aliposikia mluzi alikanyaga mafuta ili aukimbie, na kadiri alivyokimbia ndivyo ulivyozidi. Kisha alishtuka, akakanyaga breki, akaanza upya.

Winnie alijua ukweli. Alipokuwa akiosha gari siku moja, kizibo cha mpira kilichomoka kwenye ncha ya bomba la keria. Alikitia mfukoni akirudishe baadaye, akasahau. Safari iliyofuata, upepo uliingia kwenye bomba na kumletea baba yake. Alielewa siku hiyohiyo, ila hakusema. Alikificha kizibo kwenye mkebe wa kalamu, kwa maana alitaka kumsikia baba Jumamosi nyingine, na nyingine tena. Alimkumbuka mno. Lakini hofu aliyoiona usoni mwa mama ilimfuata mpaka darasani. Mara nyingine, katikati ya somo la hisabati, alihisi kuna mtu amesimama nyuma yake, kimya, akimsubiri aseme.

Ijumaa, siku tatu kabla mnunuzi hajaja, mama alilipeleka gari gereji ya Mabatini, kwa Fundi Shigela, rafiki wa marehemu.

"Shikamoo, fundi," alisema Winnie.

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuone kiu ya mzee huyu inatoka wapi."

Fundi alichomoa chujio la hewa, akaligonga chini. Vumbi likatimka. "Hapa gari lilikuwa linapumua limejifunika blanketi," alisema. Akaweka chujio jipya, akapima upepo wa matairi, akatikisa kichwa na kuyajaza yote. Kisha akafungua mlango wa nyuma na kusimama pale muda mrefu.

"Shemeji, ukibeba vyuma hivi ni kama unabeba abiria wasioshuka. Na keria likijaa viroba linapigana na upepo njia nzima. Shusha vyuma, dagaa waingie ndani. Keria tulitoe kabisa. Halafu uendeshe kwa mguu mwepesi, bila kukurupuka. Hutalitambua gari lako."

"Matairi na chujio vinatosha," mama alisema. "Vyuma haviguswi. Mwenyewe hajaridhika."

"Mwenyewe nani?"

"Nathaniel. Tunamsikia kila tukipita Buhongwa."

Fundi Shigela alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu. Akamgeukia Winnie. "Na wewe unamsikia?"

"Nasikia mluzi," alijibu Winnie. Halikuwa neno la uongo, lakini halikuwa ukweli wote.

Kesho yake walikwenda Kigongo, wakapakia dagaa wakavu juu ya keria, wakaanza kurudi. Mluzi ulikuwa mkali kuliko siku zote. Mama alikanyaga mafuta, akakanyaga breki, akakanyaga mafuta tena. Kabla ya kufika Usagara gari lilikohoa, likazima. Mafuta yalikuwa yamekwisha. Walimtuma dereva wa bodaboda na dumu, na kabla hajarudi mvua ikashuka. Hawakuwa na turubai, na mle ndani vyuma vilikuwa vimeshika nafasi yote. Dagaa walilowa, wakaanza kunuka, huku mama ameshika usukani wa gari lisilokwenda.

"Baba Winnie," alisema kwa sauti ndogo, akitazama juu, "nimekukosea nini? Si ungeniambia tu nikuombe msamaha?"

Winnie alifungua begi lake, akatoa mkebe wa kalamu, akaweka kizibo kwenye kiganja cha mama.

"Mama, siyo baba. Ni bomba la keria. Hiki kilichomoka, nami nikakificha. Nilijua tangu mwanzo. Nilitaka kumsikia."

Mama hakufoka. Alikitazama kile kipande cha mpira mpaka Winnie akatamani apigwe ili yaishe. Kisha akatoka kwenye mvua, akapanda juu ya tairi, akakisukuma kizibo mahali pake. Dumu lilipofika, waliondoka. Walipita Usagara, wakapita Buhongwa, wakasikia injini na matone ya mvua, basi. Winnie alihisi kama baba anazikwa mara ya pili. Alilia bila kujificha, na mama naye alilia huku akiendesha polepole.

Jumapili baada ya ibada walirudi kwa Fundi Shigela. Mama alishusha kila chuma kwa mkono wake mwenyewe. Sanduku la spana alimpa Venant, kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa marehemu, na nanga zikaenda kwa wavuvi waliomfahamu. Fundi alifungua nati za keria, yeye na Venant wakalishusha. Jumatatu, mjomba Machibya alipofika na mnunuzi, mama aliwapa chai, akawaomba wampe wiki moja tu ya kulijaribu gari.

Jumamosi iliyofuata dagaa walisafiri ndani, penye kivuli, na mama aliendesha kwa utulivu hadi Mabatini. Alipozima injini alimwonyesha Winnie mshale wa mafuta. Ulikuwa bado umesimama juu.

"Mjomba nitamwambia gari haliuzwi," alisema.

"Unisamehe, mama."

"Nimekusamehe palepale njiani. Lakini nisikilize, ukue nalo hili. Mafuta yalipotea, dagaa wakapotea, vyote hivyo tutavitafuta tena. Ulichoninyima ni kikubwa kuliko hivyo." Mama alifuta usukani kwa ncha ya kanga. "Ukweli ukiufungia ndani, hata kwa sababu ya upendo, unamtesa mwingine. Baba yako alinipenda maisha yake yote, Winnie. Na mimi, kwa sababu ulinyamaza, nilikuwa namwogopa."

Winnie alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kushusha viroba.