Matope ya Magurudumu

Kila jioni Chelimo alipotoka shuleni, kazi yake ya kwanza haikuwa kula wala kubadilisha sare. Ilikuwa kumtembeza Weldon. Mama alikuwa ameweka sharti hilo na halikuwa na mjadala: kutoka mlangoni kwao, pale mtaani Kaptembwo, hadi kwenye kioski cha maji na kurudi, Weldon akishika kigari chake cha kutembelea kwa mikono miwili.

Weldon alikuwa mdogo wake wa miaka saba, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Maneno yake yalitoka polepole, lakini akili yake ilikuwa kali kama wembe. Miguu ndiyo iliyomsumbua. Ilikakamaa na kupishana kama mkasi kila alipotaka kupiga hatua. Kigari chake kiliundwa na fundi wa kuchomelea vyuma kwa mabomba na magurudumu mawili ya mpira.

Bi Wamaitha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwenye kliniki, hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Asibebwe," alimwambia Mama. "Atembee kila siku, hata akilia. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Na palikuwa na jambo kubwa mbele yao. Januari, Weldon angeanza gredi ya kwanza katika shule ya Chelimo. Mwalimu mkuu alikuwa amemkubali, ila alimweleza Mama ukweli: kutoka langoni hadi darasani ni mbali, na hakuna mtu wa kumbeba. "Akifika darasani kwa miguu yake, kiti chake kipo," alisema. Tangu siku hiyo Weldon alilala na begi lake la shule, ingawa halikuwa na kitu ndani.

Basi mambo yaliharibika jioni moja ya Septemba. Watoto walikuwa wamepanga mitungi yao kwenye foleni ya kioski, na miongoni mwao alikuwa Jackie, rafiki wa Chelimo. Wawili hao walikimbia pamoja mbio za mita mia nane katika timu ya shule. Jackie alipomwona Weldon akija, alikunja magoti, akapinda viganja, akatoa ulimi nje na kuanza kuburuta miguu.

"Ebu cheki! Mkokoteni unapita! Toeni njia!"

Watoto walicheka hadi wakashika mbavu. Chelimo angeweza kumkemea, kwani Jackie hakuwa simba. Badala yake alicheka. Tena alicheka kwa sauti kubwa ili wote wasikie, asije akahesabiwa upande wa mkokoteni. Weldon akasimama na kugeuza kichwa taratibu. Hakumtazama Jackie. Alimtazama dada yake.

Kesho yake Chelimo hakumtoa nje. "Leo pumzika," alimwambia.

"Na... kioski?"

"Nimesema pumzika! Na ukimwambia Mama, sikusomei hadithi tena. Hata moja!"

Weldon hakuwa na rafiki mwingine duniani, wala msomaji mwingine. Alinyamaza.

Sasa, Mama alikuwa na desturi yake. Alipofika jioni kutoka kwenye vibarua vya kufulia watu nguo, jicho lake la kwanza lilikwenda kwenye magurudumu ya kigari. Pale kioskini maji humwagika mchana kutwa, kwa hivyo magurudumu yenye matope yalimaanisha kwamba Weldon ametembea. Chelimo aliijua desturi hiyo vizuri. Alichota tope kwenye mtaro wa bafu, akalipaka kwenye magurudumu kwa vidole vyake, akanawa, akakimbilia uwanjani kwa mazoezi yake.

Mama alirudi, akatazama, akatabasamu kwa uchovu. "Asante, mwanangu. Mungu akubariki."

Baraka hiyo ilimchoma Chelimo siku ya kwanza. Siku ya pili haikumchoma sana. Siku ya tatu hakuisikia kabisa, maana uongo nao huzoeleka kama kazi nyingine yoyote.

Wiki saba zikapita hivyo. Chelimo alishinda mbio za shule na kupigiwa makofi. Weldon alishinda mkekani, miguu ameikunja, akisikiliza watoto wenzake wakicheza nje ya ukuta wa mabati.

Njia ya mwongo ni fupi. Novemba walirudi kliniki. Bi Wamaitha alimsimamisha Weldon, na Weldon akasimama kwa vidole. Kisigino chake cha kulia hakikufika sakafuni. Bi Wamaitha alikikandamiza polepole ili kishuke, na Weldon akapiga yowe lililowanyamazisha watu waliongoja nje.

"Mama Chelimo, huyu mtoto ametembea kweli?"

"Kila siku, daktari! Tazama, hata magurudumu yana matope."

Bi Wamaitha alikipindua kigari na kufuta tope kwa kidole gumba. Chini yake, mistari ya mpira haikuwa imelika hata kidogo tangu walipokuja mara ya mwisho. Kisha akavikunjua viganja vya Weldon. "Mtu anayeshika chuma kila siku huota sugu. Mikono hii ni laini kama ya mtoto mchanga." Akainama. "Weldon, niambie ukweli. Unatembea?"

Machozi ya maumivu yalikuwa bado yanamtiririka. Weldon akamtazama dada yake, kama alivyomtazama siku ile kioskini.

"Na... tembea," alisema. "Kila... siku."

Hapo Chelimo akashindwa kuvumilia. Alilia huku akieleza yote: tope, mtaro, mbio za uwanjani, vitisho, hata kicheko chake. Mama hakumpiga. Alisema kwa sauti ndogo, "Kila jioni nilikuwa nakubariki, Chelimo. Kumbe nilikuwa nabariki matope."

Chelimo angefurahi zaidi kama angechapwa.

"Wewe ni mkimbiaji," Bi Wamaitha alimwambia. "Ukikaa wiki saba bila mazoezi, unapoteza nini?"

"Kasi," Chelimo alinong'ona.

"Wewe ungepoteza kasi. Yeye amepoteza kisigino."

Mguu ulifungwa plasta ngumu, ikabadilishwa kila wiki kwa wiki sita ili misuli ivutwe kidogo kidogo. Weldon alilia karibu kila usiku, naye Chelimo akamsikia kila mara. Januari ilifika. Siku shule zilipofunguliwa, Weldon alikaa mlangoni na begi lake mgongoni.

"Leo?" aliuliza.

"Bado, Weldon," Chelimo alisema, akaenda shuleni peke yake. Kesho yake alimkuta pale pale, na begi lile lile, na swali lile lile. Ilikuwa hivyo kwa wiki nzima, mpaka Weldon mwenyewe akaacha kuuliza.

Plasta ilipotolewa, Chelimo aliomba ruhusa ya kukosa mazoezi ya timu. Kila jioni alitembea kando ya kigari, hatua kwa hatua. Weldon alilia njiani, na Chelimo hakumbeba. Jackie alikuwa bado na ulimi wake.

"Mkokoteni umerudi!"

"Nilicheka nawe mara moja," Chelimo alimjibu, "na aliyelipia ni yeye. Songa tupite."

Jackie akasonga.

Mwezi wa tano, muhula wa pili ulipofunguliwa, Weldon aliingia langoni kwa miguu yake. Kengele ililia akiwa bado katikati ya uwanja. Wanafunzi wote walimpita. Alipofika mlangoni jasho likimtoka, mwalimu alikuwa ameuacha wazi, na kiti chake kilikuwepo.

Jioni hiyo Mama hakutazama magurudumu. Alivishika viganja vya Weldon, akapapasa sugu ngumu zilizoota chini ya vidole, kisha akamvuta Chelimo karibu.

"Mimi ulinidanganya kwa tope, mwanangu, lakini mwili haudanganyiki," alisema. "Ndugu yako hataki kubebwa, wala hataki kufichwa kwa aibu. Anataka mtu mkweli wa kutembea naye. Muhula alioupoteza hatutaupata tena, kwa hivyo usiusahau."

Kisha akaibariki mikono ya Weldon, na baada ya kusita kidogo, akaibariki na ya Chelimo.