Mkono-Fundi Ulioinamisha Kichwa

Mkono-fundi wa chuma ulishuka kutoka dari ya kituo cha matengenezo bila kelele, ukainua sufuria ya mteja, ukaizungusha mbele ya jicho lake la taa, na kabla watu wa foleni hawajamaliza kusalimiana, tundu lilikuwa limezibwa kana kwamba halijawahi kuwapo. Kisha ukafanya kile kilichowachekesha kila siku: ukagonga sufuria kwa ncha ya kidole, ukainamisha kichwa upande wa kulia, ukatulia. Masikio haukuwa nayo. Mtetemo uliupima kwa vihisio vya kidoleni. Kichwa hakikuwa na sababu yoyote ya kuinama.

"Linasikiliza majini hilo!" alisema mwanamume mmoja.

Bi Hadiya Kobelo, aliyekuwa kwenye foleni, hakucheka. Mumewe, Fundi Kobelo, alikuwa kiziwi wa sikio la kushoto. Kila alichokiziba alikigonga, akakitegea sikio la kulia.

Wengi wamesahau mikono hii ilivyojifunza kazi. Wasahau wao. Kampuni ilikuja Morogoro na glovu za kunakili, nyembamba kama utando wa maziwa, pamoja na ukanda wa shingoni, vyote vimejaa nyuzi zinazokariri kila mwendo wa mwili. Mafundi wa mitaani, Kobelo miongoni mwao, wakavishwa, wakaambiwa wafanye kazi kama kawaida. Wakapigwa picha, wakanyweshwa soda. Nyuzi zilipokwisha kumeza ufundi wote, jiji likapiga marufuku chombo kilichotengenezwa bila muhuri wa kampuni, na tingatinga likapita juu ya vibanda vyao. Kobelo akabaki nyumbani akigonga meza, akigonga ukuta, akitega sikio, mpaka alipokufa. Hakuna aliyekuja kuuliza.

Tangu alipouona mkono ule, Bi Hadiya, mwanamke aliyegeuza shuka kuukuu kuwa foronya, na foronya kuwa dekio, alianza kuharibu vyombo vyake mwenyewe. Alitoboa sufuria kwa msumari. Aling'oa mpini wa kikaango. Akavipeleka kituoni kimoja kimoja, akasimama, akatazama, akarudi. Hakulia. Alikwenda tu, kama mtu anayekwenda bombani kuchota maji.

Ikafika siku ambayo vyombo vyote vilikuwa na muhuri, na chenye muhuri hakipokelewi tena mpaka mwaka uishe. Kilichobaki ni birika lenye kiraka cha shaba, kazi ya mwisho ya Kobelo. Akalitoboa pembeni.

"Shikamoo, bibi," alisema Devota, mhudumu wa kituo.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Leo zamu ya birika! Kwani huko nyumbani mnapigana na vyombo?"

"Vinanichokoza."

Devota akacheka, akaligeuzageuza birika. "Hiki kiraka cha zamani kitang'olewa kwanza, bibi. Hakina muhuri."

"Kisha mnakipeleka wapi?"

"Kinayeyushwa. Ndiyo sheria."

Kidole cha Bi Hadiya kilikuwa juu ya kiraka. Kilikipapasa kila asubuhi maji yakichemka.

"Na ukimaliza kuziba, mkono utaligonga?"

"Lazima uligonge. Usipogonga utajuaje kama halivuji?"

Akaliachia.

Kiraka kilibanduka kama gamba la kidonda, kikadondokea tanurini. Mkono ukaziba matundu yote mawili, ukalisugua birika mpaka likang'aa. Ukaligonga.

Kichwa kikabaki wima.

"Umeona, bibi?" Devota alisema kwa furaha. "Ile hitilafu ya shingo wahandisi wameiondoa asubuhi hii. Sasa unakwenda haraka zaidi."

Bi Hadiya akapokea birika lake. Hakuondoka. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa upande wa kulia, akatulia, foleni nzima ikimngoja.

"Na huyu naye apelekwe kwa wahandisi!" mtu akapaza sauti huko nyuma, watu wakaangua kicheko.

Masikio yake yote mawili yalikuwa mazima. Hakusikia kitu.