Saa ya Mlo wa Baba

Kila jioni kengele ya kanisa ilipogonga saa kumi na mbili, Emese alinawa mikono hadi viwikoni na kumsaidia mama yake kuandaa mlo wa baba. Mlo huo haukuhitaji sahani wala kijiko. Ulikuwa mfuko mkubwa wenye maji meupe kama maziwa, uliotolewa kwenye friji mapema ili usiingie mwilini ukiwa baridi. Mama, aliyefundishwa hospitalini, aliunganisha mrija kwenye mshipa chini ya bega la baba, akawasha pampu, nayo ikamlisha polepole mpaka asubuhi. Majira ya baridi yaliyopita, Lőrinc, baba yake Emese, alikuwa amekatwa sehemu kubwa ya utumbo, na chakula cha mdomoni hakikutosha tena kumweka hai.

Baada ya hapo Emese alifunga mlango wa chumba. Yeye na mama yake walikula jikoni wamesimama, mkate na jibini, bila kugonganisha hata kikombe.

"Mmekula?" baba aliuliza kutoka chumbani.

"Nilikula shuleni, baba. Sina njaa," Emese alijibu, tonge bado liko shavuni.

Ilikuwa amri ya mama. Katika mji wao wa Baja, ambako kila nyumba hujisifia supu yake ya samaki, supu ya Lőrinc ilisifiwa na majirani wenyewe. Mama alisema kumpitishia harufu ya chakula puani ni kumtonesha kidonda. Kwa hiyo sufuria kubwa ya kuning'iniza juu ya moto, aliyopikia supu kila Jumamosi, ilipelekwa ghalani, na Jumamosi zikawa siku kama nyingine. Emese alizitamani zile za zamani: baba akikoroga, akiimba vibaya, akimtuma Emese chumvi ambayo yeye baba tayari anayo mfukoni. Wakati mwingine alisimama nje ya mlango wa chumba, mkono kwenye kitasa, asiingie.

Mwezi wa Julai ikafika siku ya supu, ambapo mji mzima hupika barabarani. Tangu alasiri moshi wa kuni ulipanda hadi madirishani. Baba alipokwisha kuunganishwa, mama alimtuma Emese dukani. Njiani, mzee Bálint wa nyumba ya pili akamwita.

"We Emese, baba'ko yuko wapi? Mwambie mwaka huu nashinda mimi, maana yeye kajificha."

"Hajajificha. Yuko kwenye dripu."

Mzee aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mjukuu wangu. Nilitania tu, tumemkosa mno. Kaa hapa ule."

Emese alikula bakuli moja, kisha la pili, supu ya samaki, nyekundu kwa paprika, ile pilipili tamu ya kusaga, yenye tambi nyembamba. Machozi yalimtoka, akasingizia moshi.

Aliporudi, alikuta mlango wa chumba uko wazi.

"Umekula wapi?" baba aliuliza.

"Sijala, baba."

"Una paprika kidevuni. Na Bálint ametia kitunguu kidogo, nasikia harufu yake mpaka hapa."

Emese alifuta kidevu. Alikosa pa kuangalia. Baba alicheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

"Na zile jioni zote ulizokuwa umeshiba shuleni?"

"Nilikudanganya. Tunakula jikoni tumesimama. Tuliogopa utatamani."

"Na mimi niliomba kuunganishwa saa kumi na mbili makusudi," Lőrinc alisema. "Niliona hamli nikiwepo. Nikasema bora nijifungie, mpate kula kwa amani." Akanyoosha mkono kwenye pampu. "Basi leo yatosha. Naizima, nashuka barabarani."

Emese alimshika mkono. "Usizime, baba. Nesi Margit wa hospitalini alisema ikikatwa ghafla sukari inashuka, mtu anaweza kuanguka. Tumpigie kwanza."

Mama, aliyesikia yote akiwa mlangoni, alileta simu, akampigia nesi.

"Usiiguse, Lőrinc," nesi Margit alisema. "Wala usiiharakishe ili uwahi kumaliza, mwili hauwezi kumeza sukari kwa pupa. Leo iende ilivyopangwa. Lakini nani alikwambia saa kumi na mbili ni amri ya Mungu? Tulipanga usiku ili mchana uwe huru. Nitazungumza na daktari, tuone kama unaweza kuanza saa nne usiku, wenzako wakishakula. Mbona hamkuniuliza?"

Mama aliahidi kungoja jibu la daktari, akaketi kitandani karibu na baba.

Daktari alikubali, akataka wampime sukari mara kwa mara mpaka mwili uzoee saa mpya. Juma lililofuata, Jumamosi jioni, sufuria ilitolewa ghalani. Lőrinc alipika uani, akikaa kila alipochoka. Alikuwa ameruhusiwa kijiko kimoja cha mchuzi. Alikiweka ulimini muda mrefu, macho yamefumbwa, na Emese aliona jinsi kijiko hicho kilivyokuwa kidogo. Kisha baba akaketi nao mezani, mbele yake pakiwa patupu.

Mama alishika kijiko chake asikitumbukize.

"Kula, Judit," baba alisema. "Kutamani samaki nakuweza. Kilichonishinda ni kulala nyuma ya mlango nikisikia nyumba yangu inanyata."

Akamgeukia Emese. "Wewe ulidanganya kwa huruma, mwanangu, na mimi nikajificha kwa huruma. Tazama huruma hiyo ilivyotutenganisha. Mgonjwa mwambie ukweli, na usilolijua muulize anayelijua, kabla hujamwamulia mwenzio."

"Ndiyo, baba," Emese alisema, akasogeza bakuli lake apakuliwe tena.