Kuipisha Daun

Kitu kidogo ambacho Bakhtawar alikigundua kabla ya wenzake ni kwamba bibi yake, Sharifan, hunyamaza kila jioni katikati ya maneno. Awe anakanda unga, awe anamgombeza mbuzi, ulimi husimama, anatulia kidogo, kisha anaendelea palepale alipoachia. Majirani nao walikuwa hivyohivyo. Mtaa mzima nyuma ya stesheni ya Kot Lalu ulinyamaza kwa pamoja, halafu kelele zikarudi.

Wakati huo waliuita Daun. "Njoo baada ya Daun," watu waliambiana, na watoto wakadhani ni jina la saa, kama alasiri.

Bakhtawar alikuwa mpole kupita kiasi. Akijibu swali darasani, jibu lilisikiwa na kola ya nguo yake tu. Baba yake, Wasaya, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo Faisalabad. Zamani, Bakhtawar akiwa bado mdogo sana, baba alikuja nyumbani kila juma kwa treni, na halua ya Multan mfukoni. Mafuriko yalipovunja daraja la reli, treni zikakoma. Tangu hapo alikuja Idi kwa Idi kwa basi, na siku ya kufika aliimalizia usingizini.

Sasa daraja lilikuwa limejengwa upya. Treni zingepita tena, lakini hakuna aliyejua kama zingesimama Kot Lalu. Mkaguzi wa reli angekuja kuwasikiliza wenyeji, na mwalimu wa shule, Ustadh Manzoor, alitaka mwanafunzi mmoja amweleze mkaguzi historia ya stesheni. Bakhtawar aliwaogopa watu, ila alimtaka baba yake zaidi.

Akamwendea bibi. Bibi akamweleza kuwa Daun ilikuwa treni ya jioni iliyoteremka kutoka kaskazini. Ilipopita, kuta zilitikisika na mtu hakumsikia aliye ubavuni mwake, basi watu walinyamaza mpaka iishe. Walishuka wanaume wa viwandani, maharusi, mara moja jeneza la mzee aliyetaka kuzikwa kwao.

"Treni haipo siku hizi," bibi alisema, "lakini mdomo umeshazoea kuipisha."

"Hiyo si historia, bibi. Hakuna mkubwa yeyote aliyeshuka?"

"Babu yako alikuwa mrefu."

Bakhtawar hakucheka. Usiku ule alitunga yake: malkia wa Uingereza alishuka Kot Lalu, akanywa chai, akausifu mji. Kesho yake alipoisoma shuleni, darasa zima lilimpigia makofi. Naseem, aliyekaa naye dawati moja, alimnong'oneza, "Malkia gani huyo, shangazi yako?" Ustadh alipouliza habari hizo amezipata wapi, Bakhtawar alisema ameambiwa na bibi. Akachaguliwa.

Siku ya mkutano watu walijaa stesheni. Mkaguzi, Bwana Durrani, alikalishwa juu ya kitanda cha kamba, akapewa chai. Bakhtawar akasimama.

"Siku moja malkia wa Uingereza alishuka hapa..."

"Akanywa chai?" mkaguzi akamkatiza taratibu. "Binti yangu, nimekagua stesheni nyingi, na katika kila moja malkia amekunywa chai. Sijui alifikaje alikokuwa anakwenda."

Watu wakaangua kicheko. Bibi Sharifan peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi kati ya wanawake, ameshusha mtandio mpaka kwenye nyusi, kwa maana mji mzima ulijua hadithi ile imesemwa kuwa ni yake. Bakhtawar alimwona. Angeweza kukaa chini, na mambo yangeishia hapo. Hakukaa.

"Hakushuka malkia," alisema, na safari hii hata waliosimama nyuma walimsikia. "Nimetunga mwenyewe. Bibi yangu hakusema hivyo."

Akasimulia aliyoambiwa: maharusi, jeneza, watu wa viwandani, na ule ukimya wa jioni.

"Treni hakuna," mkaguzi aliuliza. "Mnanyamazia nini?"

"Tunaipisha, bwana. Tusije tukasahau ilivyokuwa."

Bwana Durrani akaweka kikombe chini. Aliuliza ni akina nani wana mtu anayefanya kazi kaskazini, na mikono ya wanawake ikainuka mmoja baada ya mwingine, hadi akaacha kuihesabu. Hakuahidi kitu. Lakini mwezi uliofuata habari ilikuja kwamba Daun itasimama Kot Lalu kila Alhamisi, kwa majaribio.

Bakhtawar alimwomba bibi msamaha. Bibi akamvuta karibu.

"Mjukuu wangu, uliona yetu madogo ukaazima makubwa ya watu. Ukweli wako ukiwa mdogo, useme hivyohivyo mdogo. Malkia wako asingemleta nyumbani hata mtu mmoja."

Alhamisi ya kwanza, treni iliingia ikiitikisa mitaa, na watu wakapiga kelele badala ya kunyamaza. Wasaya alishuka na mfuko begani. Alimkuta binti yake amesimama kando ya wengine, kama kawaida yake, akadhani atasalimiwa kwa kichwa tu. Bakhtawar alimshika mkono wa kanzu.

"Baba," alisema, "nilikuwa nimeanza kukuzoea ukiwa hupo. Niliogopa, sikumwambia mtu."