Sahani Inazunguka, Chakula Baridi

Mzee Mawimbi aliweka bakuli la viazi ndani ya maikrowevu, akafunga mlango, akabonyeza. Taa iliwaka. Sahani ilizunguka. Feni ilivuma. Kengele ilipolia, viazi vilikuwa baridi vilevile kama vilivyotoka kwenye friji. Akavila hivyo hivyo. Ilikuwa siku ya tatu.

Watu walimwita Mawimbi kwa sababu alitengeneza redio miaka arobaini. Jiko la gesi hakuwa nalo tena. Mkewe alipofariki, mzee alisahau kulizima mara mbili. Binti yake aliliondoa, akamletea maikrowevu na vyakula vilivyopikwa vya wiki nzima. Akamwambia wazi, "Baba, siku ukishindwa kupasha chakula, unahamia kwangu."

Mzee hakutaka kuhama. Katika nyumba hii alijua mkewe alikuwa akikaa wapi. Basi hakumwambia binti kuwa maikrowevu haipashi.

Siku ya nne tumbo lilimsokota. Akachomoa waya ukutani, akageuza maikrowevu, akachukua bisibisi. Skrubu ya kwanza ilikuwa imeshalegea jirani yake alipopiga hodi. Mama huyu alikuwa fundi wa friji na majiko ya umeme. Alikuja kurudisha ngazi.

"Shikamoo, mzee wangu. Kuna nini?"

"Marahaba. Nampasua mgonjwa."

"Weka bisibisi chini kwanza."

"Mwanangu, nimefungua redio kabla hujaota meno. Na umeme nimechomoa."

"Sawa. Na kapasita je?"

Mzee akashusha bisibisi. Kapasita aliijua vizuri. Ni kifaa kinachotunza umeme.

"Ya redio inakuchoma kidole, unatukana, unaendelea na kazi," fundi alisema. "Ya humu inaweza kusimamisha moyo, hata waya ukiwa umechomolewa. Hii haifunguliwi nyumbani."

Akakaza skrubu, akachomeka waya.

"Tuichunguze kwa nje. Ukiiweka kwenye nguvu ndogo, chakula hakipati moto. Yako iko kwenye nguvu kubwa. Mlango nao unafunga vizuri."

Akaweka kikombe cha maji, dakika mbili. Kikombe kilizunguka kama bwana harusi. Alipoyaonja, maji yalikuwa baridi.

"Basi ubovu uko ndani. Inakwenda karakana." Akachomoa waya. "Siku hizi umekula nini?"

"Viazi. Na mchuzi."

"Baridi?"

Mzee aliangalia ngazi, mkono tumboni.

"Chakula kilicholala kipashwe mpaka kitoe mvuke, hata katikati," fundi alisema. "Kikipata moto nusunusu, vijidudu vinaongezeka. Hilo tumbo halijalogwa. Binti yako anajua?"

"Akijua atanihamisha."

"Akikukuta umelala sakafuni atakuhamisha pia, lakini si kwake."

Jioni ile mzee alimpigia binti yake simu, akamweleza yote. Binti aliuliza tumbo linaendeleaje. Kisha akasema atakuja Jumapili, wazungumze. Mzee alijua maana ya "wazungumze".

Kesho yake alikwenda karakana. Fundi aliondoa kwanza umeme uliobaki ndani, kwa vifaa vyake. Alipohakikisha umekwisha, akampa mzee mita ya umeme apime.

"Dayodi imekufa," mzee alisema kabla hajaulizwa.

"Imekufa kweli. Kumbe bado umo, mzee."

Fundi akaweka dayodi mpya, kile kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, akafunga kila kitu, ndipo akajaribu kwa kikombe cha maji. Safari hii yalitoa mvuke.

Jumapili binti alifika. Hakuketi. Alitoa supu kwenye friji, akaipasha, akaikoroga, akaipasha tena. Kisha akaimimina katika mabakuli mawili, akampa baba moja, akaanza kunywa. Kijiko cha kwanza alikipuliza mara tatu.

"Ikiharibika tena, baba?"

"Nachomoa waya. Sigusi skrubu. Namwita fundi, na wewe nakupigia siku hiyo hiyo."

"Si siku ya nne?"

"Si siku ya nne, mama."

Binti alimaliza supu yake. Akaosha mabakuli mawili, akayafuta, akarudi kwake peke yake.